Kabla Ununue Dabo Kebini, Hesabu Safari Zako

Uliza kijana yeyote ambaye biashara yake imeanza kushika ni gari gani anaota usiku, na kuna uwezekano mkubwa atakutajia Hilux, D-Max ama Ranger. Milango minne, tairi kubwa, na juu ya hiyo yote iwe nyeupe kabisa ama nyeusi kabisa. Naelewa. Hiyo ni gari ya mkandarasi, ya MCA, ya daktari wa mifugo, ya mzee wa ngano kule Narok. Ikifika kwa geti la hoteli, soja anafungua kwanza halafu ndio anauliza unaenda kuona nani.

Na ukimuuliza huyo kijana kwa nini pikapu na si gari ya kawaida, jibu huwa limeiva tayari: "Buda, inafanya kazi zote mbili. Katikati ya wiki nabeba mzigo, wikendi nabeba familia." Inasikika kama akili ya pesa. Lakini kwa wengi wetu, hiyo sentensi ni njia ya kununua gari ya ndoto huku tukiiita gari ya kazi ndio roho isitusute.

Maoni yangu ni haya. Kama unaishi mjini ama karibu na mji, dabo kebini inakulipa tu ikiwa watu wako na mzigo wako wanasafiri pamoja, safari ile ile. Kama mzigo una siku zake na watu wana siku zao, utakuwa unalipia gari ambayo kila ikitoka nyumbani nusu yake iko tupu. Jumanne viti vya nyuma viko tupu. Jumapili kule nyuma kwa mzigo kuko tupu. Na mkopo hauulizi ni nusu gani ulitumia.

Tuanze na futi na kilo

Watu huongea kuhusu pikapu kama zote zinabeba sawa. Hazibebi sawa. Ile nafasi ya viti vya nyuma imetoka mahali, na imetoka kwa mzigo. Singo kebini ya kawaida huwa na sanduku la nyuma la karibu mita 2.3 kwa urefu. Dabo kebini ni karibu mita 1.5. Chukua futi kamba upime hata ya jirani.

Sasa fikiria vitu ambavyo Mkenya hubeba. Mabati huuzwa ya mita 2, 2.5, mita 3. Plaiwudi ya futi 8 kwa 4 ni mita 2.44. Godoro la futi 6 ni kama mita 1.8. Hakuna hata moja kati ya hizo inayolala vizuri ndani ya mita 1.5. Utafungua mlango wa nyuma, vitu vining'inie, ufunge kamba na kitambaa chekundu, halafu uendeshe ukiangalia kioo kuliko barabara. Inawezekana, watu hufanya hivyo kila siku. Lakini kama mzigo wako wa kawaida ni mbao na mabati, umenunua gari isiyotoshana na kazi yako.

Halafu kuna kilo. Pikapu nyingi za aina hii zinabeba karibu tani 1. Kitu ambacho wauzaji hawasemi kwa sauti ni kwamba watu nao ni mzigo. Ile tani inahesabu kila kitu kilichopanda, pamoja na mjomba wako mnene. Watu 5 wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350. Zinabaki 650. Mfuko wa simiti ni kilo 50, kwa hivyo ukiwa umejaza viti umebakiwa na mifuko 13. Ile hesabu ya mifuko 20 uliyopiga kichwani ilikuwa ya gari isiyo na mtu hata mmoja, hata dereva. Ukiongeza kanopi ya chuma nyuma, vyuma vya mbele na fremu ya ngazi, unatoa tena. Uzito kamili umeandikwa kwa kitabu cha gari, na mara nyingi kwa kibandiko karibu na mlango wa dereva. Soma hicho kabla usome maoni ya watu wa TikTok.

Daftari la mwezi mmoja

Kwa hivyo kabla uende yadi, fanya kitu kimoja cha bure. Kwa mwezi mmoja, andika kila safari kwa daftari ama kwa noti za simu. Vitu vinne tu: ulibeba nini na uzito wake, mlikuwa watu wangapi, kilomita ngapi, na barabara ilikuwa ya aina gani. Andika safari ulizofanya, hata kama ulitumia matatu, nduthi ama pikapu ya kukodisha. Zile unazopanga kufanya "nikishapata gari" usiandike, kwa sababu hapo ndipo tunajidanganya.

Mwisho wa mwezi, weka alama kwa safari ambazo zilikuwa na watu 3 na zaidi, pamoja na mzigo ambao haungeingia kwa buti ya gari ndogo. Hizo ndizo safari za dabo kebini. Zingine zote zina gari yao, na mara nyingi ni ya bei nafuu.

Kuna watu ambao daftari lao litajaa alama. Mtu wa kuweka sola, kwa mfano. Anaenda saiti na vijana watatu, betri, nyaya, drili na ngazi. Akiacha vijana hakuna kazi, akiacha vifaa hakuna kazi. Ama dada anayepika kwenye harusi: sufuria kubwa, jiko la gesi, masanduku ya soda, na wahudumu wanne ambao lazima wafike naye saa kumi na moja asubuhi. Ama kikundi cha video chenye kamera ambazo huwezi kuacha zinyeshewe, pamoja na watu wa kuzishika. Hao wakinunua dabo kebini siwezi kuwaambia kitu. Wameacha kulipia magari mawili na wamechukua moja.

Wengine daftari litawaumbua. Mse wa hadiwea anabeba simiti na misumari mara mbili kwa wiki, yeye na kijana mmoja wa kupakia. Huyo anahitaji singo kebini, ambayo inaketisha wawili vizuri na ina sanduku refu. Wikendi anaweza kuita teksi ya simu kupeleka familia kanisani, na bado abaki na pesa. Muuzaji wa nguo ama keki ambaye mzigo wake ni maboksi mepesi hata hahitaji pikapu. Tunacheka Probox sana, lakini Japani kwenyewe hiyo gari imetengenezwa kama gari ya biashara, imeandikiwa kilo 400 ikiwa na watu wawili, mzigo wako uko ndani umefungiwa, na mvua ikinyesha huhangaiki na turubai. Probox haitakupatia laiki. Itakupatia faida.

Nitoe watu wachache hapa kwa heshima. Ukiishi ndani kule Kajiado, Laikipia ama Narok, mahali matatu inapita mara moja kwa siku na hakuna teksi ya simu, hesabu inabadilika. Huko gari moja inalazimika kuwa ambulensi, basi la shule na lori la malisho, hata kama si siku moja. Ninaongea na sisi wa Kitengela, Ruiru, Roysambu, Nyali na Kisumu mjini, wenye mahali pa kukodisha kila kona.

Ile nusu ya "familia"

Tuongee ukweli kuhusu wikendi. Springi za nyuma za pikapu nyingi zimetengenezwa zikitarajia uzito. Ukiweka mzigo gari inatulia. Ukiwa huna kitu nyuma, inaruka kwa kila tuta, na waliokaa viti vya nyuma ndio wanasikia. Kwa barabara ya changarawe iliyonyeshewa, ule mkia mwepesi unateleza haraka kuliko gari ndogo, na kijana ambaye amezoea Vitz anaweza kushangaa akiwa tayari kwa mtaro. Nissan Navara ya kizazi cha D23 ilijaribu kupunguza hilo kwa kuweka springi za mviringo nyuma kwenye dabo kebini zake nyingi. Inasaidia, lakini bado ni pikapu.

Viti vya nyuma navyo mgongo wake umesimama wima. Nairobi hadi Naivasha ni sawa. Nairobi hadi Busia, abiria wa nyuma watashuka wakitembea kama wamepigwa. Na kama una mathe mwenye goti bovu, usinunue kabla umpeleke yadi ajaribu kupanda mwenyewe. Hizi gari ziko juu. Ni aibu kununua gari ya "familia" halafu kila Jumapili mama yako anainuliwa kama mzigo.

Mjini kuna mengine madogo. Pikapu ya dabo kebini ina urefu wa zaidi ya mita 5, kwa hivyo maegesho yaliyopimwa kwa gari ndogo yatakutoa jasho. Vitu vikiwa wazi kule nyuma, msongamano wa jioni ni soko la wezi: gari imesimama, mkono unaingia, hata husikii. Tairi ya spea inayoning'inia chini nayo hutoweka. Kwa hivyo bajeti ya kanopi ama kifuniko kinachofungwa kwa kufuli iwe ndani ya bei ya gari tangu mwanzo.

Halafu kuna ukoo. Siku ya kwanza ukiegesha pikapu, umejisajili kwa kamati zote za mazishi na harusi bila kujua. Simu zitaanza. "Kijana wangu, si uko na gari ya mzigo? Kuna hema na viti vya kutolewa hapo Kikuyu." Mwisho wa mwezi ni rafiki anahama nyumba. Krismasi ni mbuzi, magunia na watoto wa kila mtu wanaoenda ushago. Kusaidia watu ni vizuri, na mimi si wa kuambia mtu akatae familia. Lakini weka kanuni mapema: dizeli inatoka kwa anayeomba, na gari inaendeshwa na wewe.

Na kuna ombi moja la kukataa hata kama ni mzee wa ukoo ameomba: watu kukaa kule nyuma kwa mzigo. Tumezoea kuiona kwa mazishi na kampeni mpaka tunadhani ni kawaida. Kule hakuna mkanda, hakuna paa, hakuna kiti. Breki moja ya ghafla na mtoto wa shangazi yako yuko barabarani. Sema hapana kwa heshima, halafu changa pesa za matatu.

Kama daftari limekubali, chagua hivi

Tuseme umefanya hesabu na kweli wewe ni mtu wa dabo kebini. Sawa. Sasa usichague kwa uso wa gari.

Kwanza, fundi na spea. Gari ya kazi ikilala wiki mbili ikisubiri kifaa, wateja wako hawasubiri. Faida ya D-Max ni kwamba inaunganishwa hapa Nairobi na Isuzu East Africa. Faida ya Hilux ni kwamba ni vigumu kupata mji Kenya usio na fundi anayeijua. Ranger ina nguvu na ndani ni raha, lakini kabla uichukue hakikisha unamjua mtu wa kuitengeneza, si mtu wa kujaribu. Tembea Kirinyaga Road uulize bei ya injekta, klachi na breki za gari unayoitaka. Ile karatasi ya bei itakufundisha kuliko video kumi.

Pili, moshi. Injini za dizeli za kisasa, hasa gari zinazotoka Uingereza, zina kichujio cha moshi ambacho mafundi wanaita DPF. Kile kichujio hujisafisha injini ikipata joto la safari ndefu. Mtu ambaye kazi yake ni Roysambu hadi mjini, kusimama na kusonga, kusimama na kusonga, atakiziba, taa iwake, gari ipoteze nguvu. Kwa hivyo rudi kwa daftari lako, ile sehemu ya kilomita. Kama safari zako ni fupi fupi, ama uchague injini isiyo na hiyo kitu, ama upange kuipeleka barabara kuu mara kwa mara.

Tatu, magurudumu manne. Kila mtu anataka 4x4. Lakini mfumo wa pikapu nyingi za hapa ni wa kuwasha ukihitaji, na haufai kutumika kwa lami kavu kwa sababu unajikaza na kuumiza gia. Kama saiti zako ni udongo mweusi wa Kitengela, Ruai ama Athi River, utaishukuru mvua ya Aprili ikija. Kama unatembea kwa lami na changarawe ngumu, unalipia na kubeba vyuma ambavyo utawasha mara mbili kwa mwaka ukionyesha marafiki.

Nne, inatoka wapi. KEBS hairuhusu gari kuingia nchini ikiwa imepitisha miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza, na usukani lazima uwe kulia. Ndio maana dabo kebini za nje si nyingi kama Vitz na Demio. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka wa 2004 na kuirudisha 2017, kwa hivyo kwa miaka mingi huko hakukuwa na za kutuletea. Nyingi hutengenezwa Thailand na Afrika Kusini. Hiyo inaweka bei juu, na inasukuma vijana wengi kwa zile zimetumika hapa hapa, zilizouzwa kwa mnada na makampuni na mashirika.

Za mnada zinaweza kuwa nzuri kwa sababu mara nyingi zilifanyiwa sevisi kwa ratiba. Zinaweza pia kuwa zimebeba kokoto miaka saba na kuendeshwa na madereva watano ambao hakuna aliyeipenda. Lala chini uangalie fremu, hasa pale nyuma ya kebini: kuna mahali pamechomelewa? Simama kando utazame ule mwanya kati ya kebini na sanduku. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, ama kinyume chake, fremu inaweza kuwa imepinda kwa mzigo. Angalia kama springi za nyuma zimelala. Washa injini ikiwa baridi, usikubali kuipata tayari imepashwa. Halafu fanya kitu ambacho wanunuzi wengi hawafanyi: ijaribu ikiwa na uzito. Omba kuweka mifuko kadhaa ya mchanga, ukimbize kwa mlima, ushike breki ukishuka. Gari ya mzigo iliyojaribiwa ikiwa tupu haijajaribiwa.

Karatasi zinaweza kukuua kuliko injini

Tafuta rekodi za gari kwa mfumo wa NTSA uone jina la mwenyewe ni la nani na kama kuna benki juu yake. Halafu angalia pia sajili ya dhamana za mali inayohamishika, ile iliyokuja na sheria ya 2017, kwa sababu mtu anaweza kuwa aliweka hiyo pikapu kama dhamana ya deni ambalo hajakuambia. Ukilipa bila kuangalia, wenye deni watakuja kuchukua gari kwako, si kwake.

Bima ndio wengi huanguka. Kuna bima ya gari ya kibinafsi, kuna ya biashara kwa mzigo wako mwenyewe, na kuna ya kubebea watu wengine mizigo kwa malipo. Hizo ni vitu tatu tofauti. Ukichukua ya mzigo wako mwenyewe kwa sababu ni rahisi, halafu Jumamosi ukubali shilingi elfu tatu kuhamisha mtu, na ajali itokee njiani, kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Umeuza ulinzi wa mamilioni kwa elfu tatu. Mwambie wakala ukweli wote wa matumizi yako na uombe jibu kwa maandishi. Na ukisajili gari kama ya biashara, uliza pia kuhusu kodi ya mapema ya KRA ambayo pikapu za biashara hulipa kila mwaka, ndio isikupate kwa mshangao.

Sasa pesa

Tuweke mfano wa mahesabu tu. Tuseme malipo ya mkopo ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Ukifanya kazi siku 26, ni zaidi ya 2,300 kila siku ya kazi, hata siku ambayo hakuna mteja. Kama daftari lako lilionyesha safari 6 tu za kweli za dabo kebini kwa mwezi, kila moja inabeba 10,000 za mkopo peke yake. Bado dizeli. Ikienda kilomita 10 kwa lita na utembee kilomita 1,500, hizo ni lita 150, zidisha na bei ambayo EPRA imetangaza mwezi huo. Bado tairi, sevisi, na ile bima kamili ambayo benki itakulazimisha kuchukua.

Sasa piga simu kwa base ya pikapu iliyo karibu na wewe, uulize safari kama yako ni ngapi. Linganisha. Kama kukodisha ni nusu ya hiyo, jibu umelipata, hata kama halikufurahishi.

Na kwa sababu wengi wetu hatuna hati ya mshahara ya kuonyesha benki, tunaishia kwa mikopo ya logibuku. Hapo sikiliza vizuri wanavyotaja riba. Wanataja kwa mwezi. Asilimia 3 inasikika kama kitu kidogo, lakini miezi 12 ni asilimia 36, hata kabla ya ada na faini. Mwezi mmoja mbaya, mteja mmoja aliyechelewesha malipo, na gari inabebwa alfajiri kwa flatibedi majirani wakiangalia. Inaenda mnada pamoja na zile pesa zote ulizokuwa umelipa. Hii ndio sababu naandika haya. Biashara ndogo ikifa, mara nyingi wateja bado walikuwepo. Kilichoiua ni malipo ya kila mwezi ya kitu ambacho haikuhitaji bado.

Lakini gari inaleta kazi, sindio?

Najua hoja inayokuja, na ina nguvu. "Ukifika saiti na gari ndogo hakuna anayekuchukulia serious. Pikapu inafungua milango." Kwa kazi zingine, kama ukandarasi, ni kweli. Wateja huangalia. Hatuishi kwa dunia ya malaika.

Lakini ule mlango unafunguliwa mara moja, siku ya mkutano wa kwanza. Baada ya hapo mteja anataka kazi imalizike kwa wakati na bei isipande. Kama ni siku moja ya kuonekana, kodisha dabo kebini siku hiyo moja, ivalishe, nenda nayo, irudishe. Utatumia pesa za siku moja badala ya kujifunga miaka minne. Na ukianza kupata kazi mfululizo, daftari lenyewe litaanza kujaa alama, na hapo utaenda yadi ukiwa na namba mkononi. Muuzaji akikuambia "hii ni gari ya wanaume", utamuuliza inabeba kilo ngapi ikiwa na watu wanne.

Na kwa wale tayari mnayo na inawalipa, mnaweza kutusaidia sisi wengine kwa kusema ukweli mkiulizwa. Kijana akikuuliza gari ikoje, usimwambie tu "iko fiti". Mwambie unalipa ngapi kwa mwezi, inakunywa lita ngapi, na mara ngapi kwa wiki viti na sanduku vyote vimejaa. Hiyo namba ya mwisho ndio ya muhimu kwake.

Wengine, tuonane mwisho wa mwezi. Njooni na daftari.